Kabla ya Kuunganisha SACCOS, Tafuteni Wakili

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Same)



SACCOS mbili za huku milimani zimetuomba ushauri. Zinataka kuungana ziwe chama kimoja chenye mtaji mkubwa zaidi. Nia hiyo ni njema, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini viongozi wake wanasema hawahitaji wakili kwa kuwa wanafahamiana tangu utoto. Hapo ndipo tulipoona tuzungumze nanyi nyote.

Majirani zetu wa Mwanga wametutangulia. Mwaka 2020 benki yao ya wananchi iliungana na benki mbili za huduma ndogo za fedha, Hakika na EFC, ikazaliwa Mwanga Hakika. Muungano wa namna hiyo haumaliziki kwa kupeana mikono. Benki Kuu hutoa kibali, wanahisa huamua, na wanasheria hukagua mali na madeni ya kila upande kabla ya saini. SACCOS nazo, ingawa ni ndogo, zina Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013: wanachama huamua katika mkutano mkuu, na Mrajis husajili chama kipya.

Kwa nini wakili? Kwa sababu vyama vikiungana, madeni nayo huungana. Kimoja kati ya hivi viwili kina ofisi ambayo hati ya kiwanja chake ina jina la mwenyekiti wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Kingine kilidhamini mkopo wa wakulima wa tangawizi ambao haujamalizika kulipwa. Mambo hayo hayaonekani kwenye daftari la hisa. Mjane aliyeweka akiba miaka kumi anaweza kukuta fedha zake zimekwama kwa deni la watu asiowajua.

Mnapotafuta wakili, zingatieni mambo manne. Kwanza, hakikisheni ni wakili aliyesajiliwa na leseni yake ya mwaka huu ipo. Pili, mwulizeni amewahi kuunganisha vyama au makampuni gani. Hodari wa kesi za mashamba huenda asiijue kazi hii. Tatu, kila chama kiwe na wakili wake, maana mmoja hawezi kutetea pande mbili. Nne, kazi na ada yake viandikwe, na taarifa ya ukaguzi wake isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote.

Wafadhili wetu, tunawaomba mkubali ada ya wakili iwe kifungu katika bajeti. Haipigwi picha kama tangi la maji, lakini ndiyo inayolinda akiba mliyosaidia kuijenga.

Nanyi wajumbe, mkirudi kwenye sharika zenu, waambieni viongozi wa vyama: hati ya kiwanja na deni la tangawizi vishughulikiwe kwanza, saini ifuate baadaye.