Amo asomwe, asitajwe tu

Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alitetea tasnifu yake Wittenberg mwaka 1734, kisha akafundisha falsafa Halle na Jena. Hoja yake ilikuwa kali: ikiwa akili si kitu chenye mwili, kama mwanafalsafa Descartes alivyoshikilia, basi haiwezi kuguswa wala kuumia; kinachohisi ni mwili ulio hai. Alimbana Descartes kwa maandishi ya Descartes mwenyewe.

Watasema hakuacha wafuasi, kwa hiyo historia haikumwonea ilipomsahau. Lakini wafuasi hutokana na kiti cha kudumu chuoni, wachapishaji na wanafunzi, mambo ambayo Mwafrika katika Ujerumani ya karne ya 18 hakuyapata kirahisi. Wengine, na hofu yao si ya bure, wanaona anaingizwa mitaalani kwa sababu ya rangi yake. Basi asomwe, na apingwe inapobidi: binafsi sioni kama alieleza vya kutosha jinsi akili isiyohisi inavyopata habari za mwili. Anayefundisha Descartes muhula huu amweke Amo wiki inayofuata, na atunge swali la mtihani kumhusu.