Nani Ametia Maji Kwenye Pamba?

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo yetu ya juma hili yanaanzia Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwenye kituo cha kununulia pamba. Msimu wa ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei, na tangu siku hiyo mikokoteni ya ng'ombe huanza kupanga foleni tangu alfajiri. Tuseme zamu imemfikia mama mmoja mwenye magunia matatu. Karani anafungua gunia la kwanza, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anafinya, anautoa na kuutazama.

"Mama, pamba yako ina maji."

"Hapana mwanangu, huo ni umande. Tulichuma asubuhi."

Nani mkweli hapo? Karani hana kipimo isipokuwa kiganja chake, na mama hana ushahidi isipokuwa neno lake. Pamba inaweza kukataliwa, ikabidi irudi nyumbani ikaanikwe. Inaweza pia kuingizwa katika daraja la pamba fifi, wakati mwenyewe aliileta akijua kuwa ni pamba safi. Na jirani yake, ambaye kweli alinyunyizia maji usiku na kuchanganya na mchanga kidogo, huenda akapita bila swali kwa sababu aliweka pamba kavu juu ya gunia.

Jambo hili si la mzaha. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na kila msimu viongozi hurudia onyo lile lile juu ya wanaochafua pamba kwa maji, mchanga na chumvi. Hesabu yake ni nyepesi. Katika kila tani moja ya pamba mbegu, unyevu wa ziada wa asilimia 5 ni kilo 50 za maji yanayolipwa bei ya pamba. Hasara ya pili huja baadaye. Wataalamu wa kuchambua pamba hushauri unyevu usizidi takriban asilimia 12, maana pamba iliyolowa ikirundikwa ghalani hupata joto lenyewe kwa lenyewe, nyuzi zikageuka manjano na mbegu zikapoteza uwezo wa kuota. Mnunuzi aliyekwisha kuumwa hupunguza bei kwa wote, na hapo mkulima mwaminifu anamlipia mwizi.

Sasa, ndugu wasikilizaji, yako mawimbi yanayoyatambua maji kuliko kiganja cha karani yeyote. Huitwa mawimbi ya terahezi. Redio hii mnayoisikiliza, ikiwa ni ya FM, inawafikia kwa mawimbi yanayotetemeka kama mara milioni 100 kwa sekunde. Wimbi la terahezi moja hutetemeka mara milioni milioni moja kwa sekunde, na urefu wake ni theluthi moja hivi ya milimita. Makazi yake ni katikati ya mawimbi ya redio na yale ya joto. Hupita katika kitambaa kikavu, karatasi na plastiki, lakini yakikutana na maji humezwa upesi. Hayana nguvu ya kudhuru mwili kama eksirei.

Kama ni mazuri hivyo, mbona hayakutumika zamani? Shida kubwa ilikuwa kuyanasa. Kila chenye joto huyatoa: mwili wako, ukuta wa nyumba, hata chombo chenyewe kinachotaka kuyapima. Ni kama kusikiliza mnong'ono katikati ya gulio. Chembe moja ya wimbi la terahezi moja ina nguvu ndogo mara sita hivi kuliko mtikisiko wa kawaida wa joto la chumbani. Kwa hiyo vyombo vingi vya kuyapokea vilipaswa kupoozwa kwa heliamu ya kimiminika, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Hebu fikirieni kuipeleka heliamu hiyo Itilima au Meatu juu ya pikipiki!

Mmarekani Samuel Langley ndiye aliyetengeneza bolometa, yapata mwaka 1880. Ni kijiwaya chembamba cha metali, na mionzi ikikipasha joto, umeme hupita kwa shida zaidi, nawe unasoma tofauti. Baada yake, mjini Berlin mwaka 1900, Heinrich Rubens na wenzake walipima mawimbi marefu ya joto, majirani kabisa wa haya tunayoyazungumzia. Vipimo vyao vilimsukuma Max Planck, katika Oktoba ya mwaka huo, kuandika kanuni iliyozaa fizikia mpya ya karne nzima. Watu wengi humtaja Planck, wachache humtaja yule aliyekaa na vyombo.

Mwaka 1947 Marcel Golay aligundua njia ya kuchekesha kidogo. Kichumba kidogo cha gesi hupokea mionzi, gesi hupata joto na kutanuka, ngozi nyembamba ya upande mmoja huvimba, na kioo kilichobandikwa juu yake husogeza mwale wa mwanga. Chombo hicho hakihitaji baridi kali. Lakini ni kizito wa kujibu, na mtikisiko mdogo humchanganya anayesoma.

Mlango hasa ulifunguliwa na mtu wa Bell Labs huko Marekani, David Auston, katika miaka ya 1970. Yeye alitumia kipande cha semikondakta ambacho hupitisha umeme pale tu kinapopigwa na pigo fupi mno la leza. Pigo moja huzalisha wimbi, na pigo jingine, lililogawanywa kutoka leza ile ile, hufungua chombo cha kupokea kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Katika mfano wetu wa gulio, ni sawa na kuziba masikio siku nzima, ukayazibua kwa nukta ile tu ambayo rafiki yako ananong'ona. Kelele za joto hazipati nafasi, na heliamu haihitajiki tena.

Mwaka 1989 kundi la Daniel Grischkowsky katika kampuni ya IBM likaitumia njia hiyo kupima mvuke wa maji, na kuonyesha masafa ambayo maji huyameza. Huko ndiko kunakoitwa spektroskopia: unapitisha mawimbi ya masafa mengi katika kitu, kisha unatazama ni yapi yamekosekana. Kila kitu kina namna yake ya kumeza, kama mtu na alama zake za vidole. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Bell Labs, Hu na Nuss, walitoa picha za jani la mti, moja lilipokuwa bichi na nyingine baada ya saa 48. Palipokuwa na maji palionekana dhahiri, na palipokauka vilevile. Nadhani mkulima wa Simiyu angeielewa picha hiyo bila mkalimani.

Je, tununue mashine hizo tuzipeleke Bariadi? La hasha, si sasa. Leza yake bado ni ghali, na mvuke ulio hewani nao huyameza mawimbi, hivyo maabara nyingi hupima ndani ya hewa iliyokaushwa. Gunia zima la pamba ni nene mno. Ingebidi kupima konzi moja moja.

Lakini tusidhani kuwa mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Mawimbi yaliyo ng'ambo ya pili, ya infraredi iliyo karibu na mwanga, yamekwisha kufanya kazi hapa hapa Tanzania. Mwaka 2009 watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mwanga huo unaweza kutenganisha mbu wachanga na wale wa siku saba au zaidi, kwa usahihi wa takriban asilimia 80, bila hata kumpasua mbu. Umri huo ni muhimu, kwa kuwa vimelea vya malaria huhitaji siku kadhaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Na kwa maji ya kwenye pamba, vipo vipimo vidogo vya mkononi vyenye ncha mbili za chuma: unachoma, umeme unapita, namba inasomeka. Navyo vina udhaifu, maana chumvi huongeza kupita kwa umeme na kupandisha namba. Hata hivyo vinashinda kiganja.

Hoja yangu ni kwamba hakuna chombo, kiwe cha ncha mbili au cha terahezi, kinachojua nia. Kitasema pamba ina asilimia 15 ya maji. Hakitasema kama ni umande au ndoo. Kwa hiyo adhabu ya wizi isifuate namba hiyo peke yake. Namba iamue jambo moja tu, yaani pamba hii ianikwe kwanza au ipimwe sasa, na sehemu ya kuanikia iwepo pale pale kituoni, ili mama yule asikodi mkokoteni mara mbili. Mchanga na chumvi ni kesi nyingine, kwani havidondoki kutoka mbinguni usiku.

Halafu kuna suala la nani anasoma. Mizani ya kituo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mkulima ana haki ya kuuona mshale unaposimama. Kipimo cha unyevu nacho kikaguliwe hivyo hivyo, kiwekwe mezani uso wake ukielekea kwenye foleni, na namba iandikwe kwenye stakabadhi pamoja na kilo.