Bastola na Ukuta wa Jirani: Kipenyo cha Risasi Katika Mitaa ya Eastlands

Wenye leseni za bastola wakikutana uwanjani kufanya mazoezi ya shabaha, ubishi haukawii kuanza: risasi ya milimita 9 au ya inchi .45? Mhadhara huu unaupeleka ubishi huo Eastlands, jijini Nairobi, ambako mtu akikohoa usiku jirani humpa pole asubuhi.

Risasi ya milimita 9 ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ile ya .45 ni kazi ya Mmarekani John Browning, miaka michache baadaye. Ya kwanza ina uzito wa gramu 7 na nusu hivi na huenda kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde. Ya pili ni nzito maradufu, lakini huenda polepole. Wengi waliamini kwamba uzito ndio humwangusha mtu.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, Marekani, imani hiyo ilipata nguvu. Maofisa wa FBI walikabiliana na majambazi wawili. Risasi moja ya milimita 9 ilipenya mkono wa jambazi, ikaingia kifuani, ikakwama kabla ya kufika moyoni. Akaendelea kupigana. Maofisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. FBI ililaumu risasi, ikahamia vipenyo vikubwa zaidi. Lakini mwaka 2014 kitengo chake cha mafunzo kilitoa hati ya kuirudia milimita 9: risasi za kisasa, zilizotobolewa nchani ili zipanuke mwilini, hazizidiwi na zile kubwa, na askari hulenga vizuri zaidi kwa sababu bastola haimrukii sana mkononi. Hoja hiyo ni sahihi, na kwa upande wa kipenyo ubishi ungeweza kuishia hapo.

Hati hiyohiyo, hata hivyo, ina jambo zito kuliko kipenyo. Inasema polisi wa Marekani, watu waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo, hukosa shabaha kwa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazofyatua katika mapambano. Kati ya risasi kumi, saba au nane hazimpati mhalifu. Zinampata nani?

Katika mitaa ya Eastlands kama Mathare na Mukuru, nyumba nyingi ukuta wake ni bati lisilofika hata nusu milimita kwa unene. Hakuna risasi ya kawaida ya bastola, hata ile ndogo ya .22, itakayozuiwa na bati hilo, na iliyotobolewa nchani ikishapita kwenye mbao au bati mara nyingi huharibika ncha isipanuke tena. Kaloleni na Jericho kuna afadhali ya mawe. Pipeline pia ghorofa ni za mawe, lakini zimebanana hivi kwamba dirisha hutazama dirisha, na watoto hucheza kwenye roshani na ngazi kwa kukosa uwanja.

Huko Kiamaiko, mwishoni mwa Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao. Hakuwa barabarani. Alikuwa nyumbani.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi Mkenya bastola kama haki yake: mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya msingi na kwamba hatahatarisha usalama wa umma. Mwishoni mwa 2018 Bodi ya Leseni za Silaha ilianza kuwahakiki upya raia wenye silaha. Naye aliyefyatua risasi akijitetea hupimwa kwa kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, na mahakama huangalia kama nguvu aliyotumia ililingana na hatari iliyomkabili.

Kwa mwenye leseni anayefanya mazoezi mara kwa mara, milimita 9 inatosha. Kwa anayelala kwenye nyumba ya mabati, hakuna kipenyo kilicho salama kwa majirani zake. Kinachomfaa ni mlango wa chuma, kufuli imara, majirani wanaoitikia mayowe na taa ya mulika mwizi inayowaka usiku kucha. Bodi na imuulize mwombaji, kabla ya aina ya bastola, anaishi nyumba ya namna gani na ni nani analala upande wa pili wa ukuta, na jibu hilo liweze kumnyima leseni.