Barua Pepe Inayogoma Kutoka: Mazungumzo na Watumiaji wa Kompyuta za Mezani



Miongoni mwa malalamiko yanayofika kwenye dawati letu, limo moja linalokuja kwa sura nyingi: “Nilituma barua pepe, wenzangu wanasema hawakuipata.” Anayelalamika huwa ameomba kazi, au amepeleka bei zake kwa mnunuzi, au ni mzazi aliyetuma fomu ya mwanawe chuoni. Siku ya mwisho imekwisha kupita, na lawama zote anazibwaga kwa aliyeandikiwa au kwa kampuni ya intaneti. Tunapoomba kuiona kompyuta yenyewe, mara nyingi tunakuta kwamba barua ile haikufika kwa kuwa haikuondoka. Imo humo humo mezani, inasubiri.

Tumeomba nafasi hii tulizungumzie jambo hilo moja tu. Ya virusi, ya simu na ya bei za vifurushi tutayaacha kwa siku nyingine.

Tuanzie kwenye sheria, maana ndiyo inayoonyesha uzito wa shauri lenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inauhesabu ujumbe kuwa umetumwa pale unapoingia katika mfumo wa kompyuta ulio nje ya uwezo wa mtumaji, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo kubonyeza kitufe cha kutuma hakutoshi. Barua iliyobaki kwenye kompyuta yako, hata ikiwa umeiandika siku tatu kabla ya mwisho wa maombi, bado haijatumwa. Na programu za barua pepe, kwa maoni yetu, zina upungufu mkubwa wa adabu: zikishindwa kutuma, nyingi hazipigi kelele. Huweka alama ndogo pembeni mwa skrini, nayo haionwi na mtu aliyekwisha kuinuka kitini.

Sasa, barua hutokaje? Wengi wetu tumekulia katika utaratibu wa sanduku la posta. Kufungua sanduku lako kwa ufunguo na kuchukua barua zilizokuja ni kazi moja. Kupeleka barua yako kaunta ipigwe muhuri na kusafirishwa ni kazi nyingine kabisa. Barua pepe iko vivyo hivyo. Programu kama Outlook au Thunderbird hupokea barua kwa njia moja na kuzitoa kwa njia nyingine, tena aghalabu kupitia seva mbili tofauti. Njia ya kutolea inaitwa SMTP, na kanuni zake zilichapishwa na Jonathan Postel, mtaalamu wa Marekani, mwezi Agosti 1982. Ndiyo sababu mtu anaweza kupokea barua kutwa nzima bila shida, huku zake hazitoki hata moja. Anayetuambia “intaneti yangu ni nzima, barua zinaingia” anasema kweli, ila ametueleza habari za mlango mmoja tu.

Kabla hujamwita fundi wala kumlipa mtu, fanya jaribio hili. Fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyo hiyo, ingia katika barua pepe yako kupitia tovuti ya mtoa huduma wako, kisha jitumie barua fupi isiyo na kiambatisho. Ikitoka, akaunti yako ni salama na intaneti yako inafanya kazi. Kasoro imo katika programu, katika mipangilio yake, au katika njia ambayo programu hiyo inajaribu kupita. Isipotoka, basi tatizo ni la akaunti au la mtandao, na kuichokoa programu ni kupoteza muda. Na kama saa zimekubana, tuma barua yako ya maana kwa njia hiyo ya kivinjari, au kwa simu, uthibitishe kuwa imekaa kwenye orodha ya barua zilizotumwa, kisha ndipo urudi kutafuta ubovu. Tumewaona watu wakipigana na mipangilio hadi saa sita usiku, saa ambayo maombi hufungwa, ilhali njia nyingine ilikuwa wazi.

Tukichukulia kwamba kivinjari kimefaulu na programu imeshindwa, pa kwanza kutazama ni kikasha toezi, kile ambacho kwenye skrini nyingi kimeandikwa “Outbox”. Humo barua hupanga foleni. Ikiwa ya mbele imebeba kiambatisho kizito, inaweza kuzizuia zote zilizo nyuma yake, hata zile za mistari miwili. Tena kila jaribio laweza kuanza kupakia mzigo mzima upya, na mwenye kifurushi cha intaneti akajikuta kimekwisha ilhali hakutuma kitu. Hapa pana fedha zinazopotea kimyakimya, na mwenye nazo akaamini ameibiwa na kampuni ya simu.

Barua ya namna hiyo hutolewa hivi: kata intaneti kwanza, kwa kuchomoa waya au kuzima modemu, ili programu iiachie. Ifunge programu na uifungue tena. Ihamishe barua kwenye rasimu, ondoa kiambatisho, ndipo urudishe intaneti. Gmail huruhusu viambatisho vya hadi megabaiti 25 kwa barua moja. Ofisi nyingi huweka kikomo cha chini ya hapo. Kumbukeni pia kwamba faili hunenepa njiani kwa takriban theluthi moja, kwa kuwa hugeuzwa kuwa herufi ili lipite, kila baiti tatu zikawa herufi nne. Faili lililokaribia kikomo laweza kukataliwa kwa sababu hiyo. Vyeti vilivyoskaniwa kwa rangi na kwa ubora wa juu kabisa ndivyo vinavyoongoza kwa uzito. Mwambie mwenye stesheneri avipunguze ubora kidogo, au avifanye vya rangi nyeusi na nyeupe, bora visomeke.

Kwenye programu hizo kuna pia kitufe cha kufanya kazi bila mtandao, “Work Offline”, ambacho hubonyezwa kwa bahati mbaya. Kikiwa kimewashwa, hakuna kinachotoka. Kitazameni mapema, ni kuchungulia tu.

Nywila ina mambo mengi zaidi. Ukibadilisha nywila kwenye simu, programu ya mezani hubaki na ile ya zamani. Na kwa kuwa kutoa na kupokea ni milango miwili, baadhi ya programu huhifadhi nywila mara mbili. Mtu hurekebisha ya kupokelea na kuisahau ya kutolea. Lakini miaka hii limezuka jambo jipya ambalo limewakuta wengi bila taarifa. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzikataa programu zinazoingia katika akaunti za watu binafsi kwa jina na nywila ya kawaida pekee. Microsoft nayo ilifanya vivyo hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook.com mnamo Septemba 2024. Kompyuta iliyosetiwa vizuri miaka kumi iliyopita ikaacha kutuma, na hakuna aliyeigusa. Dawa yake ni kusasisha programu, kisha kuiondoa akaunti na kuiweka upya kwa njia inayofungua dirisha la mtoa huduma mwenyewe ili uingie humo. Kwa programu ya zamani isiyoweza hilo, Google hutoa nywila maalumu ya programu, yenye herufi 16, kwa akaunti iliyowasha uthibitishaji wa hatua mbili. Kabla ya kuondoa akaunti, hakikisha barua zako za zamani zinaonekana kwenye tovuti, maana huenda nyingine ziko kwenye kompyuta hiyo peke yake.

Kisha kuna zile namba ambazo mafundi huziita poti. Barua za kutoka zilizoea kupita kwenye poti 25. Kompyuta zilizoambukizwa zikaitumia poti hiyo kumwaga barua taka kwa maelfu, na watoa huduma wengi wa intaneti duniani wakaifunga kwa wateja wa kawaida. Hatuoni kosa katika hilo, wala hatupokei malalamiko juu yake kama kosa. Poti iliyotengwa kwa ajili ya watumaji tangu 1998 ni 587, na mwongozo wa kiufundi wa mwaka 2018 umependekeza 465, ambayo husimba mawasiliano tangu mwanzo. Katika mipangilio ya seva ya kutolea, 587 huandamana na STARTTLS, na 465 huandamana na SSL/TLS. Ukizichanganya, barua haitoki. Vilevile hakikisha kisanduku kinachosema kwamba seva ya kutolea inahitaji utambulisho kimewekewa alama.

Wapo pia waliohama kampuni ya intaneti na kuacha kwenye mipangilio seva ya kutolea ya kampuni ya zamani. Seva hiyo mara nyingi huwakubali wateja walio ndani ya mtandao wake tu. Mteja hudhani kampuni mpya ndiyo mbovu, kumbe anabisha hodi kwa jirani aliyemwaga.

Sababu ifuatayo wengi huicheka hadi iwapate: saa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, aghalabu CR2032, inayotunza saa na tarehe umeme usipokuwepo. Ikichakaa, kila umeme ukikatika kompyuta huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma. Programu inapotaka kusimba mawasiliano hukagua cheti cha seva, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha; kwa kompyuta iliyopotea miaka, cheti kizima huonekana batili, na barua hukataa kutoka. Dalili yake ni kwamba tovuti nazo huanza kulalamika kuwa si salama. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri. Ni kitu cha bei ndogo, na mtu asikubali kuuziwa kompyuta nyingine kwa ajili yake.

Programu ya kuzuia virusi nayo huweza kuzuia barua kwa kuzikagua zinapotoka. Zima ukaguzi wa barua peke yake kwa dakika chache ujaribu. Usiizime kinga yote, na usiiache imezimwa.

Mara nyingine barua huondoka kweli, kisha hurudi na ujumbe wa Kiingereza wenye namba. Usiufute. Namba inayoanza na 4 maana yake ni kizuizi cha muda, na seva yenyewe itajaribu tena. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja: 550 mara nyingi ni anwani isiyokuwepo, na hapo tazama kama hukukosea herufi, 552 ni kikasha kilichojaa au barua kubwa mno, 535 ni nywila au jina lisilokubalika. Ujumbe huo una tarehe na saa, na katika mgogoro ndio ushahidi wako.

Wafanyabiashara wenye anwani zao za .co.tz tunawaomba wasikilize hapa kwa makini. Kikoa husajiliwa kwa muda. Muda ukiisha bila kulipiwa, barua husimama, za kuingia na za kutoka. Ulizeni leo kikoa chenu kimesajiliwa kwa jina la nani. Yapo mashauri ya fundi aliyesajili kwa jina lake mwenyewe, na mwenye duka akaja kujua siku walipokosana, nembo na kadi zake za biashara zikiwa zimekwisha kuchapishwa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa. Kuziweka ni kazi ya kampuni inayokuhifadhia barua, nawe unayo haki ya kuuliza kama imeshafanyika.

Na wezi hawako mbali na tatizo hili. Hutuma barua isemayo “ujumbe wako umezuiwa, ingia hapa uuachilie”, na ukurasa unaofunguka huiba nywila yako. Onyo la kweli hulikuta kwenye programu yako au ukiingia mwenyewe kwenye tovuti, pasipo kupitia kiungo cha barua. Fundi akihitaji uingie kwenye akaunti, chapa nywila kwa mkono wako. Usimwandikie kwenye karatasi wala kwenye WhatsApp.

Ukishindwa kabisa na ukaamua kulalamika, anza na mtoa huduma unayemlipa, kwa maandishi, na utunze namba ya lalamiko. Asipokutatulia, shauri linaweza kufikishwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Njoo na picha ya ujumbe wa hitilafu, tarehe na saa, risiti ya malipo, na jibu la swali tulilotangulia kulieleza: je, kwa kivinjari ilitoka? Lalamiko lenye jibu hilo hupunguza safari nyingi za kwenda na kurudi.

Wataalamu wetu wawili wameketi kwenye meza ile ya nyuma, karibu na mlango. Waliokuja na kompyuta zao wanaweza kuanza kujipanga sasa. Wenye maswali tutawasikiliza hapa mbele.