Jaza fomu, jaza tangi

 Leo somo letu la Kiingereza linaelekea mpakani Kasumbalesa, maana wengi wenu, wasikilizaji wa Ruashi, mnavuka hapo kwenda Zambia kwa biashara, na ng'ambo ya mpaka kazi ya ofisini ni ya Kiingereza.

Afisa anakupa karatasi na kusema: "Fill in this form." Anataka uandike jina, namba ya pasipoti na unakokwenda, kila kitu katika nafasi yake. Mbele kidogo, kwenye kituo cha mafuta, unamwambia mhudumu: "Fill up the tank," naye anatia mpaka tangi lijae. Ugumu unaanzia kwetu: sisi tunajaza fomu, tunajaza tangi, na Kifaransa cha shuleni nacho kina "remplir" kwa yote mawili. Kiingereza kinatenganisha kwa kale kaneno kanakofuata, kwa hiyo tegeni sikio hapo hasa.

Liko jambo linalosumbua hata waliosoma. Unaweza kusema "fill in the form" au "fill the form in", zote sawa. Lakini ukiweka "it" badala ya fomu, lazima ikae katikati: "fill it in". "Fill in it" si Kiingereza. Mdomoni maneno matatu ya "fill it in" huungana, yanasikika kama filitin. Semeni nami kwa sauti: filitin. Tena! Na ukikwama dirishani, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Muulize afisa: "How do I fill it in?"