Waliotutangulia Wana Haki Juu Yetu

(Hotuba iliyotolewa Kyela katika kikao cha kuwakumbuka wanachama marehemu wa kikundi cha kusaidiana)

 

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na vijana wetu:

Nimeombwa niseme maneno machache kabla ya kusomwa majina ya wenzetu waliotangulia. Kila mwaka, masika yakishapungua na mpunga ukishaingia ghalani, tunakutana siku moja kama hivi. Katibu hufungua daftari, akasoma jina baada ya jina. Sisi hunyamaza, kila mmoja akaomba kwa imani yake. Halafu tunakula na kutawanyika. Ni desturi njema, wala sikuja kuipinga. Lakini kusoma jina la mtu ni kazi nyepesi. Ulimi waweza kulitamka jina huku mkono umefumbwa. Kwa hiyo leo napenda tuulizane swali moja: hawa tunaowasoma, wana haki gani juu yetu sisi tuliobaki?

Kwanza tukumbuke kwamba kusaidiana katika kifo si jambo geni katika nchi hii. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa, wakati Kyela ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Waliandika kwamba watu wa hapa hawakujenga kwa ukoo kama yafanyavyo makabila mengi, bali kwa rika. Vijana wa umri mmoja waliondoka katika maboma ya baba zao, wakajenga kijiji chao, wakaoa humo na kuzeeka pamoja. Walikuwa na neno waliloliheshimu sana, ukwangala, yaani ule wema na ile raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Mtu akifa, msiba haukuwa wa nyumba yake peke yake. Ulikuwa wa kijiji kizima.

Leo vijiji vya marika havipo tena kama vilivyokuwa. Tumechanganyika. Yuko aliyeshuka kutoka milima ya Ukinga, yuko Mkisi wa pwani ya ziwa, yuko aliyevuka mto Songwe kutoka Karonga, na wako walioletwa na biashara ya mpunga na kokoa. Mtu anaweza kufia hapa na ndugu zake wako mwendo wa siku mbili. Ndiyo sababu tukaanzisha kikundi: ili asiyekuwa na ukoo karibu awe na watu.

Wapo Waislamu waliowahi kuniuliza kama yafaa kushirikiana na watu wa dini nyingine katika chama cha namna hii. Nawajibu kwa mwendo wa Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe. Alipokuwa kijana, kabla hajapewa utume, mfanyabiashara mmoja mgeni alidhulumiwa Makka. Mkubwa mmoja alichukua bidhaa zake na kukataa kumlipa. Ndipo baadhi ya watu wa mji wakakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakaapa kumsimamia kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Mapatano hayo huitwa Hilful-Fudhul. Mtume s.a.w. alikuwamo, na miaka mingi baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba lau angeitwa tena katika jambo kama lile angeitika. Watu wale walikuwa bado hawajasilimu. Kilichowakusanya ni wema, na wema hauulizi cheti.

Aidha, tunasoma katika hadithi kwamba jeneza lilipitishwa mbele yake, akasimama. Akaambiwa kwamba aliyekufa ni Myahudi. Naye akawauliza kama huyo hakuwa nafsi pia. Basi sisi tunaposimama makaburini, Mwislamu kando ya kaburi la Mkristo na Mkristo kando ya kaburi la Mwislamu, hatumwigi mgeni yeyote.

Ndugu zangu, hebu tuwatazame hawa waliomo katika daftari. Hakuna mkuu wa wilaya humo, wala tajiri. Yumo fundi baiskeli aliyekuwa akiacha kazi yake saa ile ile msiba unapotangazwa, akaenda kuchimba kaburi. Yumo mvuvi ambaye mwera ulimkuta ziwani, na mwili wake haukuonekana. Wenyeji wa ziwa hili wanaujua msiba wa namna hiyo. Mwezi Julai 1946 meli ya Vipya ilipinduka katika sehemu ya kaskazini ya ziwa, upande wa Malawi, na zaidi ya watu mia moja wakapoteza maisha. Mwenye kukosa kaburi hakosi haki ya kuombewa. Mfalme Najashi alipofariki Uhabeshi, Mtume s.a.w. aliwapanga masahaba safu Madina wakamsalia, ingawa maiti haikuwa mbele yao.

Wamo pia wale waliofariki katika miaka migumu ya UKIMWI. Vijana hamkuiona hofu ya siku zile. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kwamba katika Tanzania Bara watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, na Mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo ulianza mwaka 2004. Kabla ya hapo, yalikuwapo majumba ambayo ndugu wa damu waliogopa hata kuingia kumwosha maiti wao. Wanachama wa kikundi hiki waliingia. Walikunja mikono ya nguo zao, wakaosha, wakavisha sanda, wakazika. Wengine kati yao, baada ya miaka michache, nao wakaoshwa. Hao hatuwadai kitu. Wao ndio wanaotudai.

Sasa nifike katika jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Alikuwapo mama mmoja, mwanachama tangu siku za mwanzo. Alikuwa akiuza vyungu vya Ikombe. Alivipokea Matema vinaposhushwa kutoka mitumbwini, akavileta sokoni. Hakuwahi kushika cheo katika kikundi wala kuzungumza sana mikutanoni. Katika misiba alikuwa wa kwanza kuwasha moto na wa mwisho kuosha masufuria. Wakati huo mimi nilikuwa mweka hazina.

Mama huyo aliugua, akalala ndani, na ada yake ikakatika miezi minne. Katiba yetu inasema kwamba mwenye kudaiwa zaidi ya miezi mitatu amejitoa mwenyewe, wala hastahili msaada. Alifariki mwezi wa Aprili, mito imefurika. Mwanawe alinijia kwa miguu, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Nilifungua daftari, nikaweka kidole kwenye mstari wa mama yake, nikamwonyesha zile nafasi nne tupu. Nikamwambia kwamba nasikitika. Kijana yule hakubishana nami. Alisema tu, "Haya, baba, asante," akaondoka. Majirani walimzika marehemu kwa sanda iliyokopwa dukani.

Baada ya wiki chache nilikuwa nikipanga madaftari ya zamani. Nikaona kwamba kwa miaka kumi na mmoja mama yule hakuwahi kukosa mwezi hata mmoja. Na katika kurasa za misiba, kila palipoandikwa waliopika, waliochota maji, waliolala na wafiwa, jina lake lilikuwapo. Hesabu niliyomwonyesha mwanawe ilikuwa sahihi kwa mujibu wa katiba. Lakini nilimhesabia miezi minne ya ugonjwa, sikumhesabia miaka kumi na mmoja ya uzima.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hadithi ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuielewa. Palikuwa na mwanamke mweusi, maskini, aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alifariki usiku, na masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume s.a.w., kwa kuliona jambo lake dogo. Mtume s.a.w. alipomkosa akauliza habari zake. Alipoambiwa kwamba amekwisha fariki, aliwalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia hapo. Ndugu zangu, mfagiaji yule hakuwa na cheo. Lakini mbora wa viumbe aliiona nafasi yake ilipobaki tupu. Mimi niliziona nafasi nne tupu katika daftari, nafasi ya mtu sikuiona.

Nimekwenda kwa mwanawe nikamwomba radhi. Deni la sanda nimelilipa kwa mali yangu, si ya kikundi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Lakini lipo jambo nisiloweza kulifanya peke yangu. Jina la mama yule halimo katika orodha itakayosomwa leo, kwa sababu kwa mujibu wa katiba alikufa si mwanachama. Kuliandika ni uamuzi wa kikao hiki.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo manne, nayo ndiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo.

La kwanza, ibara ile irekebishwe. Mgonjwa asihesabiwe kuwa amejitoa. Mwanachama akikosa ada mwezi mmoja, atumwe mtu wa kwenda kumjulia hali kabla hajatumwa mtu wa kumdai. Pengine tutagundua kwamba anayehitaji kupokea ndiye tunayemtaka atoe.

La pili ni madeni ya marehemu. Mtume s.a.w. aliletewa maiti ya mtu aliyekufa akidaiwa dinari chache, akakataa kumsalia mwenyewe mpaka sahaba Abu Qatada r.a. alipojitwika deni lile. Deni si jambo la kupuuzwa. Hapa kwetu wakulima wengi hukopa kwa kutegemea mavuno, na maneno mengi huwa ya mdomo. Kurani Tukufu imetuamrisha kuandika mikopo na kuweka mashahidi. Basi kila mwanachama aandike anachodaiwa na anachodai, na karatasi hiyo ihifadhiwe na katibu, ili mjane asije akavamiwa na watu wenye madai asiyoyajua.

La tatu ni gharama za matanga. Ja'far bin Abi Talib r.a. alipouawa katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijiria, Mtume s.a.w. aliagiza jamaa zake wapikiwe chakula, kwani walikuwa wameshughulishwa na msiba. Tazameni mpango huo: majirani ndio wanaowalisha wafiwa. Sisi mara nyingi tumeugeuza. Ng'ombe wa mjane anachinjwa, gunia lake la mpunga linafunguliwa, watu wanakaa siku nyingi wakila, na wakiondoka wanamwachia ghala tupu na watoto wa kulipiwa shule. Sisemi watu wasije kufariji. Nasema waje na chakula, na waondoke mapema. Ukwangala wa wazee wetu haukuwa kumla mwenzako; ulikuwa kula pamoja naye.

La nne, tuwafanyie marehemu jambo lenye kudumu. Tumefundishwa kwamba mtu akifa matendo yake hukatika isipokuwa matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha watu, na mtoto mwema anayemwombea. Ardhi yetu ni yenye rutuba na mvua ni tele. Tukipanda miche ya kokoa katika shamba moja la kikundi, mchache kwa kila marehemu, baada ya miaka michache itaanza kuzaa, na fedha yake ikaenda katika sare na madaftari ya yatima wetu. Hivyo mtoto wa marehemu atasoma kwa mti uliopandwa kwa ajili ya baba yake au mama yake. Hiyo ni dua isiyomalizika siku ya kikao.

Wazee wangu, akina mama, vijana: wengi wetu tulioanzisha kikundi hiki tumekwisha kuwa na mvi. Daftari hili litaendelea kuandikwa, na siku moja mkono mwingine utaandika majina yetu. Namna tunavyowatendea waliotangulia ndivyo tunavyowafundisha vijana namna ya kututendea sisi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wenzetu wote, ayafanye makaburi yao kuwa na nuru, awasamehe waliokosea na atusamehe sisi tuliowakosea. Awalinde wajane na yatima wao, na atupe moyo wa kuona nafasi ya mtu kabla haijabaki tupu. Amin.

Ndugu Mwenyekiti, naomba, kabla ya katibu kuanza kusoma, ukiulize kikao hiki kuhusu jina la mama yule. Na mkiridhia, naomba liwe la kwanza kusomwa.