Ramani ya Kura za Maoni Iwe Taa, Isiwe Fimbo



Matokeo ya kura za maoni husomwa kwa jumla: fulani kapata kadhaa, fulani kashinda. Jumla humtaja mshindi, lakini haielezi kura zake zilitoka wapi. Hiyo ni kazi ya ramani.

Si kila kura huchoreka. Mwaka 1965, kabla ya wagombea wawili wa jimbo kupewa alama za jembe na nyumba, mkutano wa TANU wa wilaya ndio uliopiga kura za kuwapendekeza. Julai 2020 nako, wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo wa CCM ndio waliopiga kura. Hesabu ya ukumbi mmoja haigawanyiki kata kwa kata. Mwaka 2010 na 2015, wanachama wote walipopiga kura matawini, kila kata ilikuwa na hesabu yake.

Hata hivyo, msomaji wa ramani hana budi kuwa mwangalifu. Mwaka 2010 Masumbwe ilikuwa katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Asiyeangalia mipaka atadhani watu wamebadili mawazo, kumbe uliobadilika ni mstari wa karani.

Tena, rangi hupakwa juu ya ardhi, na miti haipigi kura. Bukombe ina eneo kubwa la misitu na pori la Kigosi. Kata pana yenye watu wachache itaonekana nzito kuliko mji wa Masumbwe uliosongamana kando ya barabara ya Kahama kwenda Ushirombo. Dawa yake ni kuchora katika kila kata duara linalolingana na idadi ya kura.

Ichukuliwe kwa mfano kata yenye kura 1,000. Wa kwanza kapata 340, wa pili 335, wa tatu 325. Kata nzima ikipakwa rangi ya wa kwanza, kura 660 zimefutwa kwa brashi. Afadhali tarakimu zote ziandikwe kando.

Lililo zito kuliko yote ni matumizi ya ramani hiyo. Kiongozi mwenye kinyongo anaweza kuitazama akajua ni kata ipi iliyomnyima kura, kisha kisima, zahanati na barabara vikapita kando yake. Hapo ramani imekuwa fimbo, na wanaochapwa ni pamoja na watoto wasiopiga kura. Mtumishi wa umma apangaye maendeleo hana budi kutumia ramani ya mahitaji, si ya kura. Naye mwalimu wa jiografia awafundishe vijana kuuliza, mbele ya kila ramani, kilichohesabiwa ni nini na kilichoachwa ni nini.

Kata iliyomnyima kiongozi kura ndiyo inayostahili kutembelewa kwanza, ili wananchi wake wasikilizwe.